Ufa Usiozibika: Namna ya Kuzifungia Programu Zenye Kasoro

Wahenga walitufunza kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika elimu ya kompyuta, funzo hilo ni la kila siku. Programu kubwa haikosi nyufa, yaani kasoro ambazo mwenye nia mbaya aweza kupenya, na ni kazi ya mtengenezaji kuziziba kila zinapogunduliwa. Lakini ziko nyufa ambazo mwenye nyumba hana uwezo wa kuziziba. Hapo wataalamu hujenga ukuta kwa makusudi, kabla nyumba haijaanguka. Makala haya yaeleza ukuta huo.

Kwa nini ufa usizibwe?

Tarehe 12 Mei 2017, programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea duniani, ikifunga majalada ya watu na kudai fedha. Huko Uingereza hospitali nyingi ziliahirisha matibabu, na baadhi ya wagonjwa wa dharura walilazimika kwenda hospitali za mbali zaidi. Hali kadhalika, kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa ya kasoro hiyo tangu tarehe 14 Machi mwaka huo huo.

Uzembe ulichangia, lakini haukuwa sababu pekee. Mashine kubwa za kupiga picha za ndani ya mwili zina kompyuta ndani yake, na mara nyingi kiwanda kilichoziuza ndicho chenye idhini ya kugusa programu zake. Baadhi zilikuwa bado zatumia Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida mwezi Aprili 2014. Mashine yenyewe ni nzima na ya bei kubwa. Haitupwi kwa sababu ya programu. Hapana budi itengwe, isiwasiliane na kompyuta yoyote ila zile inazozihitaji kwa kazi yake.

Zizi ndani ya programu

Utengaji huo waweza kufanywa hata ndani ya programu moja. Mwaka 1993 Wahbe, Lucco, Anderson na Graham, watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walieleza njia nyepesi ya kufanya hivyo. Hebu tuifuate kwa hesabu.

Chukulia kwamba kumbukumbu ya kompyuta ni safu ya masanduku yenye namba, kuanzia 0000 hadi 9999. Sehemu ya programu tusiyoiamini tunaipa masanduku 5000 hadi 5999. Hilo ndilo zizi lake. Kila inapotaka kuandika kitu, tunafuta tarakimu ya kwanza ya namba iliyoitaja na kuweka 5 mahali pake. Ikitaja 5312, yapata 5312. Ikitaja 7312, ambamo huenda mmehifadhiwa siri ya mwenye kompyuta, yapata 5312 vilevile. Kompyuta hufanya hivyo kwa tarakimu za 0 na 1, na gharama yake ni hatua chache tu za ziada.

Msomaji atambue kwamba hatukuhitaji kujua kasoro iko wapi. Hata mvamizi akiitawala sehemu hiyo yote, hana namba ya kutaja itakayomwezesha kuandika nje ya zizi.

Mfano wa karibu ni Firefox, programu ya kusomea kurasa za intaneti. Ndani yake mna sehemu zilizoandikwa na watu wengine kwa lugha za C na C++, ambazo hazimzuii mwandishi kuvuka mipaka ya kumbukumbu. Katika toleo la 95, lililotolewa Desemba 2021, sehemu kadhaa za namna hiyo zilitiwa zizini kwa mbinu iitwayo RLBox. Mojawapo ni Hunspell, ikaguayo tahajia.

Mlango wa zizi

Zizi haliponyi ugonjwa. Hunspell ikiulizwa urefu wa neno, kisha ikajibu milioni moja, na programu kuu ikaamini, madhara yamekwisha kupita mlangoni. Kwa hiyo RLBox huhesabu kila jibu litokalo zizini kuwa la kutiliwa shaka, na humlazimisha mwandishi wa programu kulikagua kabla ya kulitumia. Aidha, vilivyomo zizini havina ulinzi: ukimfungia fisi pamoja na mbuzi, ua hautamsaidia mbuzi.

Basi anayeandika programu asiulize tu kama ina kasoro. Aulize pia: siku itakapotekwa, itaweza kufikia nini?

Zoezi: Zizi lina masanduku 2300 hadi 2399, na tarakimu mbili za mwanzo ndizo zinazobadilishwa. Programu ikitaja 8745, itapewa sanduku gani? Je, kanuni hii ingefaa kama zizi lingeanzia 2350 na kuishia 2420? Toa sababu.