Matumizi ya Viashiria vya Tishu katika Kubainisha Madaraja ya Mabadiliko ya Awali ya Saratani ya Njia ya Haja Kubwa Yanayotokana na HPV

1.0 Utangulizi

Saratani ya njia ya haja kubwa inafungamana kwa karibu na virusi vya papiloma vya binadamu, yaani HPV. Takribani asilimia 90 ya saratani hizi huhusishwa na virusi hivyo, na HPV aina ya 16 ndiyo inayoongoza. Kama ilivyo kwa saratani ya mlango wa kizazi, hutanguliwa na mabadiliko ya seli bapa ambayo yanaweza kudumu kwa miaka mingi. Watu wanaoishi na VVU wamo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kinga iliyodhoofika hushindwa kuviondoa virusi mwilini.

Uzito wa kubainisha daraja la mabadiliko hayo ulidhihirishwa na utafiti wa ANCHOR uliofanyika Marekani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Utafiti huo ulihusisha zaidi ya watu 4,400 wanaoishi na VVU, wenye umri wa miaka 35 na kuendelea, ambao wote walikuwa na mabadiliko ya daraja la juu. Saratani iligunduliwa kwa watu 9 katika kundi lililotibiwa, na kwa watu 21 katika kundi lililofuatiliwa bila kutibiwa. Upungufu huo ni wa asilimia 57. Hivyo basi, mgonjwa anayepewa daraja la chini kimakosa hukosa tiba ambayo ingemkinga, ilhali anayepewa daraja la juu kimakosa hutibiwa kwa maumivu asiyoyahitaji.

2.0 Tatizo la Daraja la Kati

Kwa muda mrefu mabadiliko haya yamegawanywa katika madaraja matatu: AIN 1, AIN 2 na AIN 3. Kigezo kikuu ni kimo ambacho seli zisizokomaa zimefikia kutoka tabaka la msingi: theluthi ya chini katika AIN 1, theluthi ya kati katika AIN 2, na takribani unene wote katika AIN 3.

Wanapatholojia hukubaliana vya kutosha kuhusu AIN 3, lakini AIN 2 huzua hitilafu. Kipande kilichokatwa mshazari, uvimbe unaotokana na maambukizi mengine, tishu inayojiponya, au seli zinazobadilika umbo bila kukomaa, vyote vinaweza kufanana na daraja la juu katika rangi za kawaida za hematoksilini na eosini. Kwa sababu hiyo, mwaka 2012 mapendekezo ya Marekani yajulikanayo kama LAST yalisanifisha istilahi za sehemu zote za chini za njia ya uzazi na haja kubwa kuwa na madaraja mawili tu: la chini, LSIL, na la juu, HSIL. Mapendekezo hayohayo yaliipa protini ya p16 nafasi ya mwamuzi.

3.0 Protini ya p16

Katika seli ya kawaida, p16 huzuia vimeng'enya CDK4 na CDK6, na kwa njia hiyo hupunguza kasi ya kugawanyika kwa seli kupitia protini ya Rb. Rb nayo husaidia kuidhibiti p16 isizidi. HPV ya aina hatari inapoteka mwenendo wa seli, protini yake ya E7 huiharibu Rb. Seli huendelea kugawanyika bila kizuizi, na p16 hulimbikizana kwa wingi ilhali haina tena cha kudhibiti. Wingi huo wa p16 ndio unaoonekana kwa imunohistokemia.

Jibu huhesabiwa kuwa chanya pale rangi inapokuwa nzito na yenye kuendelea, katika viini au viini pamoja na saitoplazimu, kuanzia tabaka la msingi hadi angalau theluthi moja ya unene. Rangi ya madoadoa, hata ikiwa nzito, ni hasi. Kipimo hiki kinapendekezwa katika hali tatu: kutofautisha daraja la juu na mabadiliko yanayolifanana, kuamua AIN 2, na kusuluhisha wanapatholojia wanapotofautiana. Hakipendekezwi pale ambapo AIN 1 au AIN 3 ni dhahiri. Baadhi ya mabadiliko ya daraja la chini huonyesha p16 chanya, na kuyapima bila sababu huweza kuyapandisha daraja isivyostahili.

4.0 Viashiria Vingine

Ki-67 huonyesha seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika. Kwa kawaida hukaa karibu na tabaka la msingi. Ikipanda hadi tabaka za juu, hudokeza HPV. Hata hivyo, daraja la chini nalo laweza kuipandisha, na uvimbe huiongeza, hivyo haitoshi peke yake.

Protini ya E4 ya virusi hutokea pale HPV inapozaliana katika tabaka za juu zilizokomaa. Kwa hiyo E4 nyingi huashiria maambukizi yenye kuzaa virusi, ilhali kutoweka kwake pamoja na p16 iliyoenea huashiria seli zilizoelekea kwenye saratani. AIN 2 mara nyingi huonyesha mchanganyiko wa hali hizo mbili. Vilevile, metilesheni ya DNA ya jeni za mwili, kama ASCL1 na ZNF582, huongezeka kadiri ukali wa mabadiliko unavyoongezeka, na huwa juu zaidi katika saratani yenyewe.

5.0 Mipaka na Hitimisho

Ni muhimu kutenganisha kubainisha daraja na kutabiri hatima. Utafiti wa SPANC uliofanyika Sydney, Australia, ulionyesha kwamba mabadiliko mengi ya daraja la juu hurudi nyuma yenyewe, hasa AIN 2. Kwa hiyo p16 chanya huthibitisha daraja, lakini haisemi ni mgonjwa yupi atakayepata saratani. Metilesheni inatarajiwa kulijibu swali hilo, kwa masharti kwamba ithibitishwe kwa kufuatilia wagonjwa kwa muda mrefu.

Kwa maabara za Afrika Mashariki, ambako watu wengi wanaishi na VVU, mantiki ya LAST ina faida ya ziada: kingamwili moja, ikitumiwa kwa vipande vyenye utata pekee, hugharimu kidogo kuliko kupima kila kipande. Sharti ni tishu kuhifadhiwa vyema katika fomalini, kila kipimo kuambatana na kipande cha udhibiti, na jibu kusomwa sambamba na umbo la seli. Kiashiria humsaidia mwanapatholojia kuamua. Hakiamui kwa niaba yake.