KUFUNGA KABLA YA NUSUKAPUTI: MAELEZO KWA WAGONJWA NA JAMAA ZAO

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaotarajia kupasuliwa, au wanaouguza jamaa zao hospitalini, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini. Amri ya kutokula kabla ya upasuaji imezoeleka mno, hata baadhi ya watu huiona kuwa ni ada tu ya hospitali. Wapo wanaompa mgonjwa uji kwa siri kwa kumwonea huruma. Na wapo wanaomzuilia mtoto hata tone la maji tangu usiku mpaka adhuhuri. Wote hao wanakosea, ingawa kosa la kwanza ndilo la kuogopewa zaidi.

Mtu aliye macho akipaliwa hukohoa. Aliyepewa nusukaputi hana kinga hiyo: koo lake limelegea, na kilichomo tumboni kikipanda huweza kuingia mapafuni bila ya yeye kujua. Mwaka 1946 daktari wa Marekani, Curtis Mendelson, alichapisha uchunguzi wa uzazi 44,016 katika hospitali moja ya New York baina ya mwaka 1932 na 1945. Wanawake 66 walipaliwa kwa namna hiyo wakiwa katika usingizi wa dawa, na wawili wakafa kwa kuzibwa pumzi na chakula kigumu. Kwa majaribio ya sungura, Mendelson alionyesha pia kwamba tindikali ya tumbo peke yake huunguza mapafu. Kwa hiyo hatari haimo katika tonge la wali tu.

Baadaye ilienea kanuni ya kutotia chochote kinywani tangu saa sita ya usiku. Ni kanuni nyepesi kukumbukwa, lakini haikutofautisha wali na maji, ilhali tumbo huvitofautisha. Mwaka 1986 watafiti wa Calgary, Kanada, waliwapa baadhi ya wagonjwa mililita 150 za maji saa mbili hadi tatu kabla ya upasuaji. Waliokunywa walikutwa na majimaji machache zaidi tumboni kuliko waliofunga kabisa. Ndipo mwaka 1999 jumuiya ya madaktari wa usingizi wa Marekani ilipotoa mwongozo: muda wa saa 6 kwa chakula chepesi na maziwa ya ng'ombe, saa 4 kwa maziwa ya mama, na saa 2 kwa maji na vinywaji vingine visivyo na maziwa wala nyama ya tunda. Chakula cha mafuta huweza kuhitaji saa 8 au zaidi. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 umepunguza muda huo kwa watoto: saa 3 kwa maziwa ya mama, na saa 1 kwa maji. Hata hivyo, saa za kufuatwa ni zile atakazopewa mgonjwa na hospitali yake. Mzazi anayeona mtoto amekaa muda mrefu bila ya maji ana haki ya kuuliza.

Katika mambo ya nyumbani, chai kavu huhesabiwa pamoja na maji. Chai ya maziwa haimo. Uji, hata uwe mwepesi vipi, ni chakula, na sambusa ni chakula cha mafuta.

Jambo moja hukosewa sana wakati wa Ramadhani. Aliyevunjika mguu alasiri akiwa na saumu asidhaniwe kuwa tumbo lake ni tupu. Maumivu makali, ajali na uchungu wa uzazi hulichelewesha tumbo kusaga, hata daku ikawa bado imo. Mtaalamu wa usingizi aelezwe saa ya mlo wa mwisho na saa ya ajali. Akijua, upasuaji usio wa dharura huweza kuahirishwa. Na ukiwa wa dharura, ataweza kumpa mgonjwa sindano ya mgongo ikiwa inafaa, au kuingiza haraka mpira wa kulinda njia ya hewa. Akifichwa, hatajiandaa.

Wenye kisukari au shinikizo la damu waulize, kabla ya siku yenyewe, dawa zipi zitumiwe asubuhi ya upasuaji na zipi ziachwe.