Chama Kisicho na Kadi: Nguvu na Mipaka ya Mkereketwa wa Marekani

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, haitaji vyama vya siasa hata mara moja, na George Washington, alipokuwa akijiandaa kuondoka madarakani mwaka 1796, aliwaonya wananchi wenzake kwamba ushabiki wa makundi ungeweza kulivuruga taifa lao changa. Onyo hilo halikuzuia kitu. Chama cha Democratic kiliundwa kumzunguka Andrew Jackson katika miaka ya 1820, chama cha Republican kikazaliwa mwaka 1854 kwa lengo la kupinga kuenea kwa utumwa katika maeneo mapya ya magharibi, na kwa zaidi ya miaka 150 sasa madaraka ya juu ya nchi hiyo yamekuwa yakipokezanwa baina ya vyama hivyo viwili.

Hata hivyo, mfuasi wa chama nchini humo ni mtu wa namna yake, na msomaji aliyezoea vyama vya Afrika Mashariki anaweza kumwelewa vibaya. Hana kadi ya uanachama, halipi ada, wala hakuna kikao cha nidhamu kinachoweza kumfukuza. Katika majimbo takriban 30, raia anapojiandikisha kupiga kura huulizwa pia anajihesabu kuwa wa chama gani, na jibu lake huingizwa katika daftari la serikali. Katika majimbo mengine, kama Texas na Virginia, hata swali hilo haliulizwi. Kinachomtofautisha mkereketwa na mpiga kura wa kawaida si hati yoyote bali kazi anayoifanya: kugonga milango ya watu asiowajua, kuwapigia simu jioni baada ya kazi, kuchangia dola 10 au 20 kila anapoombwa, na zaidi ya yote kujitokeza siku ambayo wengi hawajitokezi, yaani siku ya kura za mchujo.

Kura za mchujo ni uchaguzi wa ndani ya chama unaoamua nani atapeperusha bendera yake katika uchaguzi mkuu. Hapa ndipo Marekani inapotofautiana na demokrasia nyingi duniani, kwa kuwa mchujo huo haufanywi na kamati ya viongozi iliyojifungia chumbani, bali kwa kawaida husimamiwa na serikali ya jimbo, kwa fedha za walipakodi, na kila mwenye sifa hupiga kura yake ya siri. Upo mchujo uliofungwa, unaowaruhusu wale tu waliojiandikisha chini ya chama husika, na upo ulio wazi, ambapo mpiga kura huchagua siku hiyohiyo ataingia upande upi. Majimbo machache bado hutumia mikutano ya mitaa iitwayo kokasi, ambako wafuasi hukusanyika jioni moja katika kumbi za shule na makanisa. Ni katika mikutano ya namna hiyo huko Iowa, tarehe 3 Januari 2008, ambapo Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya, alimshinda Hillary Clinton katika jimbo ambalo wakazi wake wengi mno ni Wazungu, na ushindi huo ulitokana na wakereketwa waliokubali kutoka nje usiku wa baridi kali kwa ajili yake.

Mkereketwa hakupewa nguvu hiyo kwa hisani. Hadi mwaka 1968 mchujo ulifanyika katika majimbo machache tu, na mgombea urais alichaguliwa hasa na wakubwa wa chama, yaani magavana, mameya wa miji mikubwa na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, waliofika kwenye mkutano mkuu wakiwa na wajumbe mifukoni. Mwaka huo, huku vita vya Vietnam vikiwagawa Wamarekani, Rais Lyndon Johnson alitangaza mwezi Machi kwamba hatagombea tena, Robert Kennedy, aliyekuwa akiwania nafasi hiyo, akauawa mwezi Juni, na mwezi Agosti chama cha Democratic kikamteua Hubert Humphrey, makamu wa rais ambaye hakushiriki mchujo hata katika jimbo moja. Nje ya mkutano mkuu uliofanya uteuzi huo, katika mitaa ya Chicago, polisi waliwapiga waandamanaji kwa virungu mbele ya kamera za televisheni. Humphrey alishindwa na Richard Nixon mwezi Novemba, na chama, kwa aibu na hofu, kikaunda tume iliyoongozwa na George McGovern na baadaye Donald Fraser, ambayo ilizitaka ofisi za chama katika majimbo ziache kuwateua wajumbe kwa siri. Majimbo mengi yaliona njia rahisi ya kutimiza masharti hayo ni kutunga sheria ya mchujo, na kwa kuwa sheria ya jimbo huhusu vyama vyote, chama cha Republican nacho kikajikuta kimebadilika. McGovern mwenyewe aliteuliwa kwa utaratibu huo mwaka 1972 na kuangushwa na Nixon katika majimbo 49. Wapinzani wa mageuzi huutaja mwaka huo mpaka leo kama ushahidi kwamba wakereketwa hawajui kuchagua mtu anayeweza kushinda. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inasahau kwamba Humphrey, chaguo la wakubwa, naye alishindwa.

Kabla ya tume hiyo alikuwapo mwanamke mmoja ambaye historia ya mkereketwa wa Marekani haiwezi kusimuliwa kwa haki bila jina lake. Fannie Lou Hamer, mtoto wa mwisho kati ya watoto 20 wa familia ya wakulima wa pamba huko Mississippi, alikwenda mjini Indianola mwezi Agosti 1962 kujiandikisha kupiga kura, na kwa kosa hilo akafukuzwa kwenye shamba alilolifanyia kazi kwa miaka 18. Mwaka uliofuata alikamatwa na kupigwa vibaya katika jela ya Winona. Kwa kuwa chama cha Democratic cha Mississippi kiliwazuia watu weusi, Hamer na wenzake waliunda chama mbadala chenye wajumbe wa rangi zote, wakasafiri hadi Atlantic City, ulikofanyika mkutano mkuu wa Democratic mwezi Agosti 1964, na huko wakadai mbele ya kamati ya kuthibitisha wajumbe kwamba wao, wala si Wazungu waliojiteua, ndio Wademocrat halali wa jimbo hilo. Alipoanza kutoa ushahidi, Rais Johnson aliitisha mkutano wa ghafla na waandishi wa habari ili kamera zimwache. Hata hivyo vituo vya televisheni viliurusha ushahidi wake jioni, na nchi nzima ikamsikia. Wakuu wa chama waliwapa viti 2 tu, na ujumbe huo ukavikataa.

Hamer hakuipigia kura Republican kwa hasira, wala hakurudi nyumbani kukaa kimya. Aliendelea kudai nafasi yake ndani ya chama kilichomdhalilisha, na kwa sababu ya mgogoro ule wa Atlantic City chama kilipiga marufuku ujumbe wowote wa kibaguzi katika mkutano uliofuata. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini mwezi Agosti 1965, na mwaka 1968 Hamer aliingia ukumbi wa Chicago akiwa mjumbe kamili wa Mississippi. Uaminifu wa aina hii, unaokibana chama badala ya kukisifu, ulichangia kukifanya chama cha Democratic kilichokuwa ngome ya ubaguzi kusini kuwa chama kinachoungwa mkono na Wamarekani weusi walio wengi, huku Wazungu wa kusini wakihamia Republican taratibu katika miongo iliyofuata. Wanaodhani kwamba vyama hubadilishwa na viongozi peke yao wangefaa kuutazama upya mkasa huo.

Nguvu hiyohiyo inaweza kutumika kwa makali mengine. Mwezi Juni 2014 Eric Cantor, kiongozi wa Warepublican waliokuwa wengi katika Baraza la Wawakilishi, aliangushwa katika mchujo huko Virginia na mhadhiri wa uchumi asiyejulikana kitaifa. Mwaka 2018 Joseph Crowley, mmoja wa Wademocrat wa ngazi za juu bungeni, alishindwa New York na Alexandria Ocasio-Cortez katika mchujo uliopigwa na watu chini ya 30,000, ilhali eneo la uwakilishi la Marekani huwa na wakazi zaidi ya 700,000. Liz Cheney, mbunge wa Republican aliyepiga kura ya kumshtaki Rais Donald Trump mwezi Januari 2021, hakupata hata theluthi moja ya kura katika mchujo wa Warepublican wa Wyoming mwaka 2022. Mwakilishi anayetoka katika ngome ya chama chake haogopi uchaguzi mkuu, kwa sababu ushindi wake huko ni wa hakika. Anachokiogopa ni mchujo, na hivyo husikiliza zaidi maelfu wanaojitokeza humo kuliko mamia ya maelfu wanaobaki nyumbani. Mabunge ya majimbo, yanapochora mipaka ya maeneo ya uchaguzi kwa kukipendelea chama kimoja, huongeza idadi ya ngome hizo, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya nchi iliamua kwamba mahakama za shirikisho hazina mamlaka ya kuzuia upendeleo huo.

Utii kwa chama nao umekuwa mzito kuliko zamani. Mwaka 1972 mamilioni walimchagua Nixon kisha wakawarudisha Wademocrat wengi bungeni siku hiyohiyo. Mwaka 2016, kila jimbo lililokuwa na uchaguzi wa Seneti lilimpeleka seneta wa chama kilekile kilichoshinda urais humo. Zaidi ya Wamarekani wanne kati ya kumi hujiita huru katika kura za maoni, lakini wengi wao huegemea upande mmoja uchaguzi kwa uchaguzi.

Inapofika siku ya kumchagua rais, mkereketwa hukuta kura yake imewekewa mpaka usiomhusu mwenzake wa jimbo jirani. Rais huchaguliwa rasmi na wajumbe wa uchaguzi 538, ambao hugawanywa kwa majimbo kulingana na idadi ya wabunge na maseneta wake, huku mji mkuu wa Washington ukipewa 3, na mshindi huhitaji 270. Isipokuwa Maine na Nebraska, jimbo humpa wajumbe wote mgombea aliyeongoza humo, hata kama ameongoza kwa kura moja. Mwaka 2000 George W. Bush aliipata Florida, na kwa hiyo urais, kwa tofauti ya kura 537, ingawa Al Gore alikuwa na kura nyingi zaidi kitaifa. Mwaka 2020 Trump alipata zaidi ya kura milioni 6 huko California, nyingi kuliko alizopata katika jimbo jingine lolote, na hazikumletea mjumbe hata mmoja. Joe Biden alipata zaidi ya milioni 5 huko Texas kwa matokeo yaleyale. Ndiyo maana Wademocrat wa California hupanda mabasi kwenda kugonga milango Nevada, na wale wa Chicago huvuka mpaka kuingia Wisconsin.

Mchujo wenyewe nao si wa mwisho daima. Mwaka 2024 zaidi ya Wademocrat milioni 14 walimpigia Biden katika mchujo, lakini tarehe 21 Julai alijiondoa kutokana na mashaka kuhusu umri wake, na wajumbe wa chama wakamteua makamu wake, Kamala Harris, bila wapiga kura kuulizwa tena. Wengi walikubali kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Bado ni haki ya waliopanga foleni mwezi Machi kuona kwamba walipaswa kuambiwa mapema hali ya mgombea wao ilivyokuwa.

Kuhusu wajumbe wa uchaguzi, tangu Maryland ilipotangulia mwaka 2007, majimbo kadhaa, yakiwemo California na New York, yamepitisha sheria inayoahidi kumpa wajumbe wao mgombea atakayeongoza nchi nzima, pindi majimbo yenye jumla ya wajumbe 270 yatakapokuwa yamejiunga. Kiwango hicho hakijafikiwa. Majimbo yaliyokubali ni yale yanayoelemea Democratic, na wanasiasa wengi wa Republican wanaupinga mpango huo, ingawa wafuasi wao milioni 6 wa California wangekuwa wa kwanza kuona kura yao ya urais ikihesabika.