Joto la nyumba Kolwezi linakula umeme kiasi gani?

Juni na Julai, Kolwezi ina baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Familia nyingi huikabili baridi hiyo kwa mbabula iliyojaa makala. Wenye kipato, hasa waajiriwa wa migodi, wanaweza kununua kiyoyozi kinachogeuzwa ili kipashe joto. Kiyoyozi hicho ni pampu ya joto, jamaa wa frigo iliyoko jikoni, na kabla ya kutoa pesa mnunuzi anataka kujua kitakula umeme kiasi gani.

Ukiitazama mashine peke yake, jibu linafurahisha. Resho hugeuza kilowati-saa 1 ya umeme kuwa kilowati-saa 1 ya joto, basi. Pampu ya joto hailizalishi joto lote: hulivuta kutoka hewa ya nje na kulisukuma ndani, hivyo kwa kilowati-saa 1 hukuletea takriban 3. Kiyoyozi cha BTU 9,000 huvuta kama wati 800. Kikifanya kazi kwa nguvu zote kwa muda wa saa 5 kila usiku, kitakula kilowati-saa 4. Hita ya waya ingekula 13 kwa joto lile lile. Tuchukue na maji ya kuoga: kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 45, boila ya kawaida inataka karibu kilowati-saa 1.5, pampu inataka nusu yake au chini ya hapo. Ulaya, ambako kupanda kwa bei ya gesi kulichangia pampu karibu milioni 3 kuuzwa mwaka 2022, mashine hizi hupungukiwa nguvu hewa ya nje inapoganda. Usiku wa Julai wa Kolwezi haujafika huko.

Tatizo linaanzia kwenye bili. Wateja wengi wa majumbani wa SNEL, shirika la umeme la taifa la Kongo, hawana mita. Hulipa kiasi kilichopangwa kila mwezi, watumie sana au kidogo. Kwa mteja huyo, mashine isiyokula umeme mwingi haimpunguzii hata faranga moja. Ndiyo maana naiona mita ya kulipia kabla kuwa hatua ya kwanza, hata kama wengi wanaiogopa. Bila mita hakuna anayejua anacholipia.

Gharama kubwa zaidi, hata hivyo, haiko kwenye bili ya SNEL. Iko kwenye saa za delestaji, umeme unapokatwa kwa zamu. Jenereta ndogo ya petroli hunywa karibu nusu lita kwa kila kilowati-saa. Zile kilowati-saa 4 za usiku mmoja zinakuwa lita 2, na kwa mwezi lita 60. Zidisha kwa bei ya lita mtaani kwako. Kisha kuna umeme dhaifu. Volti zikishuka, mota ya kompresa huvuta mkondo mkubwa, hupata moto na kuungua, na kompresa ikifa mara nyingi ni nafuu kununua mashine mpya. Anayenunua kiyoyozi bila stabilaiza Kolwezi amenunua nusu ya kifaa.

Yote haya yanatokea katika mji unaozungukwa na umeme. Nzilo na Nseke, mabwawa mawili ya mto Lualaba, yalijengwa miaka ya 1950 ili kulisha mitambo ya Union Minière, kampuni ya shaba ya enzi ya ukoloni. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, ilifika Kolwezi mwaka 1982 kwa ajili ya shaba vilevile, ikipita juu ya vijiji ambavyo haikuviwashia hata taa. Bwawa la Busanga, megawati 240, limejengwa kwa ajili ya kampuni ya migodi ya Sicomines. Migodi mingine imegharamia ukarabati wa mitambo ya SNEL: mgodi wa Kamoa-Kakula uligharamia kituo cha Mwadingusha na turbini ya tano ya Inga II. Fedha hizo hurudishwa kwa punguzo la bili, na aliyekarabati hupewa umeme wake kwanza. Hata hivyo umeme hautoshi. Migodi inanunua umeme wa nje kupitia Zambia na kuendesha jenereta za dizeli, na ukame wa 2024 ulipokausha mabwawa ya Zambia, mlango huo nao ulibana.

Siwalaumu wenye migodi kwa kutafuta umeme. Lakini tupime. Hatua ya mwisho ya kutengeneza tani 1 ya katodi za shaba kwa elektrolisisi inakula karibu kilowati-saa 2,000. Umeme huo ungepasha nyumba yenye kile kiyoyozi chetu kwa usiku 500. Kinachohitajika ili mtaa mzima ulale bila mbabula ni sehemu ndogo mno ya kinachoingia viwandani.

Sola inasaidia, ila jua liko mchana na baridi iko usiku. Kamoa-Kakula yenyewe ilitia saini mkataba mwaka 2025 wa kupewa megawati 30 mfululizo, kutoka kwenye paneli na betri. Familia haiwezi kununua betri za namna hiyo. Inachoweza ni kupasha maji mchana, jua likiwa kali, na kuyahifadhi kwenye tangi lililofunikwa vizuri. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pampu ya joto ina maana kwa kaya ya kawaida ya Manika au Dilala, komuni za Kolwezi: kwenye maji kwanza, chumba baadaye.

Makala yatabaki kwa sasa, na misitu ya miombo itaendelea kulipa gharama. Anayewasha mbabula asilale nayo chumbani mlango umefungwa, kwa sababu hewa yake huua bila kunuka.

Kwa serikali ya jimbo na ARE, mamlaka ya udhibiti wa umeme, ombi ni moja. Kila mkataba wa kukarabati turbini au kujenga bwawa jipya kwenye Lualaba utaje megawati za nyumba za Kolwezi kwa tarakimu, pamoja na transfoma na mita za kuzifikisha, kabla haujatiwa saini.