Kaizari Afika Misikhu

Mtoto anayesomea nyumbani anaweza kumaliza kitabu cha hesabu bila mwenzake. Sayansi ataisoma, historia ataisoma, hata riwaya ataimaliza peke yake mezani huku mama akipika na kumsahihisha. Tamthilia haikubali hivyo. Katika Julius Caesar ya Shakespeare, Brutus hawezi kujibizana na ukuta, na Antony hana la kusema pasipo umati wa kumsikiliza. Ndiyo maana kila likizo ya Agosti nawakusanya kwangu watoto wa familia zilizoamua kuwafundisha wanao nyumbani, tukaigiza.

Naishi Misikhu, kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale. Nilifundisha Kiswahili shule za upili hadi nilipostaafu. Miongoni mwa wazazi wanaoniletea watoto, wapo walioanza kufundisha nyumbani shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wakaona wanaweza, wakaendelea. Wengine waliamua hivyo kwa imani yao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni, na mabishano kuhusu elimu ya nyumbani yameshafika mahakamani. Hayo nawaachia mawakili. Ninalolijua ni kwamba mtoto anayesomea nyumbani yupo, anakua, na anahitaji wenzake. Sheria hiyohiyo inakataza tuisheni ya likizo, nami sitoi tuisheni. Hapa hakuna mtihani wala alama.

Wazazi huniuliza kwa nini nachagua michezo ya zamani, tena ya Wazungu. Huwajibu kwamba michezo hii tunayo kwa Kiswahili tangu zamani. Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya kwanza ya Julius Caesar mwaka 1963 akiwa Rais wa Tanganyika, kisha akaipiga msasa na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye alitafsiri Makbeth na Tufani, halafu akamwendea Sophocles wa Ugiriki na kutuletea Mfalme Edipode mwaka 1971. Nyerere, aliyekuwa na nchi changa ya kuongoza, aliona kazi hii inafaa kukesha nayo. Sisi tutakosaje wiki chache za Agosti?

Njia yangu si ngumu. Siku ya kwanza kitabu hakifunguliwi. Nawasimulia kisa kizima kama hadithi, kuanzia watu wa Roma wanavyomshangilia Kaizari mpaka Brutus anavyojiua vitani, nao huniuliza maswali. Kisha tunachagua maonyesho machache tu, yale yenye ugomvi, kwa sababu mtoto hushika upesi mahali watu wanapogombana. Tunayasoma kwenye duara, kila mtu akibadilishiwa mhusika, ili asiwepo wa kuvimba kichwa kwamba yeye ndiye Kaizari. Baada ya hapo tunasimama. Leso iliyofungwa begani ndiyo vazi la Kirumi, na gunzi la mahindi ndilo jambia. Tunaanza asubuhi na mapema, maana mvua ya Agosti huku kwetu haikosi kuja alasiri.

Onyesho lenye nguvu kuliko yote ni la mazishi ya Kaizari, na hapo watoto wa Kibukusu wana mtaji ambao mtoto wa London hana. Kwetu, mzee mwenye heshima akishazikwa, familia huweza kumwalika omuswali aje kuendesha kumuse. Huyo ni msemaji wa ukoo maalumu, mwenye kipawa na idhini. Hutembea huku na huko katikati ya watu waliokaa kimya, fimbo mkononi, akieleza historia ya koo, akiwaonya walio hai na kuwapatanisha. Marehemu Mzee Manguliechi alisifika sana kwa kazi hiyo. Kumuse hatuigizi, kwa kuwa si mchezo na si ya watoto. Lakini mtoto aliyewahi kukaa chini akaisikiliza anajua tayari kwamba maneno yanayosemwa juu ya maiti huwaendea walio hai.

Basi nikiwauliza Antony, anayehutubu juu ya maiti ya Kaizari, anamzungumzia nani, hawasemi Kaizari. Wanasema anawazungumzia wauaji, Brutus na wenzake. Wanamwona anavyoirudia sifa moja ya Brutus tena na tena, na kila akiirudia inapungua uzito, mpaka imekuwa shutuma. Wanagundua pia kwamba Brutus alitangulia kuutolea umati hotuba safi yenye hoja, akashangiliwa, kisha akafanya kosa la kuondoka na kumwachia Antony uwanja.

Baada ya hotuba linafuata onyesho fupi ambalo watu wengi huliruka. Mimi siliruki. Umati uliochemka unamkuta barabarani mshairi aitwaye Cinna. Wanamuuliza jina, anakokwenda, anakoishi. Jina lake limefanana na la mmoja wa wauaji, basi. Mara ya mwisho tulipoliigiza, msichana wa miaka 11 aliyekuwa Cinna aliinuka kutoka chini akiwa bado amekunja uso.

"Mwalimu, si nimewaambia mimi ni mshairi tu?"

"Umewaambia."

"Mbona wameniua?"

Nikawaambia walioigiza umati wamjibu wenyewe. Walitazamana kwa muda. Kisha mvulana mmoja akasema, "Tulikuwa tumeshaanza."

Sijasikia mtu mzima akieleza vizuri zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kuna Wakenya waliosimamishwa barabarani wakaulizwa majina, na jibu likaamua kama watafika nyumbani. Watoto hawa hawakuwa wamezaliwa. Siku ile tuliacha mazoezi tukazungumza mpaka wazazi wakaja kuwachukua.

Katika miaka inayogawanyika kwa mbili, Agosti huwa msimu wa tohara kwetu, na wavulana wengi wanazunguka na njuga kuwaalika jamaa. Wakipungua, wasichana huchukua nafasi zote za wanaume, na Brutus bora niliyewahi kumwona hapa alikuwa msichana.

Shakespeare tukimaliza, tunaingia kwa Ebrahim Hussein. Tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969 inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na swali lake ni zito: je, imani inayowaunganisha watu inaweza pia kuwapeleka kwenye risasi? Watoto wakishalitafuna, nawaambia waandike onyesho lao kuhusu Chetambe, karibu na Webuye, ambako mwaka 1895 Wabukusu walipigana na msafara wa Waingereza ulioongozwa na Hobley. Hapo wanawauliza babu zao, na masomo ya nyumbani yanapata walimu wapya.

Mzazi mwenzangu unayemfundisha mwanao nyumbani, usimnunulie kitabu kingine cha kujibia maswali likizo hii. Tafuta familia tatu au nne jirani. Tafuta Juliasi Kaizari, na ukikikosa dukani ulizia maktaba au kwa walimu wa zamani. Anzeni na mazishi, na onyesho la Cinna msiliruke. Jukwaa si lazima, uwanja wa nyumba unatosha. Na wewe mwenye mtoto katika shule ya kawaida, mlete naye, kwa sababu umati wa Roma haujawahi kujaa.