Watoto wa kuku wapate joto, mlinzi abaki mzima

Ndugu wanakooperative, watu wengi wanasema Kisangani hakuna baridi. Kwa sisi watu wazima ni kweli. Lakini mtoto wa kuku wa siku moja anahitaji digrii 32 hadi 35, na usiku wa mvua hapa kwetu joto linaweza kushuka mpaka karibu digrii 20. Majuma ya kwanza ana vinyoya laini tu, na mwili wake haujaweza kujitunzia joto. Akishikwa na baridi, hali, hanywi. Anajibana na wenzake kwenye pembe, na asubuhi wale wa chini wamekufa.

Wengi wetu tunaanza ufugaji ndani ya chumba cha nyumba isiyomalizika: matofali hayajapakwa, madirisha matupu, chini udongo au sementi. Chumba hicho ni kizuri juu hakilipiwi. Hatari inaanza pale mfugaji anaweka mbabula katikati, anaziba matundu yote kwa bashi, kisha analala humo humo kulinda mali yake.

Sumu isiyoonekana

Makala yanapowaka yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu anakosa hewa bila kujua. Wengine wanasema makala yakishakuwa mekundu bila moshi, hatari imeisha. Si kweli, gesi inaendelea kutoka.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, nguvu kuisha na usingizi mzito. Ukiona hivyo, mtoe mtu nje upesi, fungua mlango, mpeleke kituo cha afya usiku ule ule. Kanuni ni moja: mtu asilale chumba kimoja na makala yanayowaka. Mlinzi akae barazani, aingie kuangalia na kutoka.

Zuia baridi kwanza

Kabla ya kununua gunia la makala, angalia baridi inaingilia wapi.

Chini: tandika makartoni makavu, juu yake maganda ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa, au randa kutoka kwa seremala, unene wa sentimita 5 hadi 10. Unga laini wa msumeno haufai, juu watoto wanaula. Sehemu iliyolowa iondolewe kila siku.

Pembeni: tengeneza mviringo wa mabati au mikeka, kimo cha sentimita 50. Kwa watoto 100, upana wa mita 1,6 unatosha juma la kwanza, kisha unaupanua. Mviringo hauna pembe za kujirundikia, na unapasha sehemu ndogo badala ya chumba chote.

Madirisha: funika sehemu ya chini kwa bashi, ili upepo usipige watoto. Juu, karibu na paa, acha wazi sentimita 20 pande mbili. Hapo ndipo hewa mbaya na harufu ya mavi vinatokea.

Joto litoke wapi?

Maji ya moto. Hayana moshi wala gesi, na kwa kundi dogo ndiyo njia tunayoipendekeza kwanza. Chemsha nje, ngoja mchemko utulie ili bidoni ya plastiki isilegee, mimina, funga vizuri, zungushia gunia. Kwa watoto 100 anza na bidoni mbili za lita 20. Zibadilishe kwa zamu, moja ikipoa nyingine ingali moto. Funika sehemu ya mviringo kwa blanketi, uache nafasi ya hewa.

Pipa la chuma. Kwa kundi kubwa, laza pipa kwenye tundu la ukuta: mdomo wa moto uwe nje, tumbo liwe ndani, bomba la moshi litoke nje na kupita paa. Ziba viungo vyote kwa udongo. Hivyo moshi wa moto haukutani na hewa ya watoto. Maganda na mikeka vikae mbali mita moja, na ndoo ya mchanga iwe mlangoni.

Umeme. Taa nyekundu ya joto ya wati 250 inaweza kutosha watoto 50 hadi 100. Taa za LED zinaangaza tu, hazipashi. Na juu umeme unaweza kukatika usiku, maji ya moto yawe tayari.

Watoto wenyewe ni kipimo

Usipokuwa na kipimajoto, tazama watoto. Wakirundikana penye joto na kulia sana, wanasikia baridi. Wakikimbia joto, midomo wazi, wanaungua. Wakijibana upande mmoja, kuna upepo unaoingia. Wakitawanyika, wanakula na kulala wametulia, joto ni zuri.

Kila juma punguza digrii 2 hadi 3. Kuanzia juma la pili, mchana wa jua wa Kisangani unafanya kazi kubwa yenyewe. Moto uwe wa usiku na wa mvua. Hapo ndipo makala yanabaki mengi.

Hesabu ya kooperative

Ukinunua watoto 100 na 20 wakafa, wale 80 waliobaki wanabeba bei yote: kila mmoja amekugharimu robo zaidi. Linganisha hasara hiyo na bei ya maganda, bidoni na makala ya kuchemshia maji.

Wanachama watano wenye vyumba vitano wanawasha mioto mitano. Wakiunganisha watoto wa umri mmoja kwenye chumba kimoja kwa majuma matatu, wanawasha moto mmoja, na zamu ya usiku inagawanyika. Waandike tu nani ana wangapi, na waliokufa wahesabiwe kila asubuhi mbele ya wote.

Kabla ya kuagiza watoto, pashaneni chumba usiku mzima kikiwa kitupu. Alfajiri wekeni mkono juu ya maganda. Yakiwa baridi, tafuteni tundu, kisha jaribuni tena kabla ya kulipa.