Duka la vifaa vya ujenzi mtaani: Biashara iliyobeba amana

KILA sifa njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetufungulia milango ya riziki ya halali. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyabiashara mwaminifu, akisafiri na mali ya Bi Khadija hadi nchi ya Sham.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, wiki hii tumeona ni vema tukaitazama biashara ambayo familia nyingi huifikiria pale baba anapopata kiinua mgongo, au ndugu wa tumbo moja wanapochanga walichonacho. Nayo ni kufungua duka la vifaa vya ujenzi mtaani.

Anayepita Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika au Bunju, jijini Dar es Salaam, ataona kwa nini biashara hii inavutia. Ni nadra kukuta mtaa usio na nyumba inayojengwa. Watu wetu hujenga kidogo kidogo: leo mifuko mitano ya saruji, mwezi ujao tripu ya mchanga, bati baada ya mwaka. Mtu wa namna hiyo hamudu kwenda Kariakoo kila anapopungukiwa na kilo mbili za misumari. Anahitaji duka la jirani.

Biashara hii, hata hivyo, ina jambo linaloitofautisha na nyingine. Muuza nyanya akiuza iliyooza, aibu yake huonekana jioni ile ile. Saruji iliyokufa hufunikwa na lipu. Nondo pungufu hulala ndani ya nguzo, na waya hafifu wa umeme hupita darini usikoonekana. Mnunuzi hana namna ya kuurudia ukuta na kuukagua. Kwa hiyo mwenye duka ameshika amana ambayo baada ya siku chache hakuna ajuaye habari zake isipokuwa yeye na Mola wake.

Mtaji na ubia

Swali la kwanza ni fedha zitoke wapi. Bidhaa za ujenzi ni nzito na ghali, na duka lenye rafu tupu halina wateja. Hapa ndipo wengi hukimbilia mikopo ya riba, wakidhani hakuna njia nyingine. Sheria ya Kiislamu imeweka njia zaidi ya moja.

Ipo mudharaba, ambapo mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi yake. Ipo musharaka, ambapo wote hutoa mtaji. Sharti kubwa ni kuwa faida igawanywe kwa mafungu, kama nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili, wala asiahidiwe mtu kiasi maalumu cha fedha kila mwezi biashara ipate isipate. Katika mudharaba, hasara ikitokea bila uzembe, humwangukia mwenye mali, na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Katika musharaka, kila mmoja hubeba hasara kwa kadiri ya mtaji wake. Aidha, tangu mwaka 2011 nchini Tanzania ipo Amana Bank, iliyoanzishwa kwa misingi ya Kiislamu, na baadhi ya benki nyingine zina madirisha ya huduma za aina hiyo. Kwa njia ya murabaha, benki hununua bidhaa na kumuuzia mfanyabiashara kwa bei na faida inayojulikana tangu mwanzo.

Ndugu wanaochanga wasione haya kuandikiana. Mara ngapi tumeshuhudia mtoto wa mama mmoja hasemi na nduguye kwa sababu ya duka walilolianzisha kwa mapenzi bila karatasi? Iandikwe nani ametoa nini, nani atakaa dukani, atalipwaje, na mmoja akifariki warithi wake watapata nini.

Kutimiza masharti ya nchi nako ni sehemu ya uaminifu. Jina la biashara lisajiliwe BRELA, namba ya mlipakodi ichukuliwe TRA, leseni ipatikane, na mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo.

Vipimo vinavyofichwa ukutani

Suratul Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo kali kwa wale ambao wakipimiwa hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia wengine hupunguza. Wengi tukisikia onyo hilo hufikiria pishi ya mchele na kibaba cha unga. Katika duka la vifaa vya ujenzi kupunja kuna sura nyingine.

Tuchukue mfano wa nondo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 hutakiwa kuwa na uzito wa takriban kilo 10 na nusu. Ile ya milimita 10 hukaribia kilo 7 na nusu, na ya milimita 16 hufikia kilo 19 hivi. Sasa nondo ya milimita 11 ikiuzwa kwa jina la 12, jicho la mteja halioni tofauti. Ikiwekwa kwenye mizani itakuwa na kilo 9 tu. Mteja ameibiwa zaidi ya kilo moja na nusu ya chuma katika kila nondo moja, na nguzo ya nyumba yake imeibiwa nguvu. Mwenye duka muadilifu hupima mzigo anapoupokea kutoka kwa muuzaji wa jumla, wala hajifichi nyuma ya neno “hata mimi niliuziwa hivyo hivyo”.

Bati nazo zina siri yake. Namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba; geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mwananchi asiyejua hudhani namba kubwa ndiyo bora. Kumnyamazia katika ujinga wake ni kumla bila kumgusa.

Saruji huhitaji kutunzwa. Mifuko ipangwe juu ya chaga za mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na iliyotangulia kuingia ndiyo itangulie kutoka. Ikikaa muda mrefu, hasa kupita miezi mitatu katika unyevunyevu wa pwani, hupoteza nguvu na kuanza kufanya mabonge. Kuyaponda mabonge hayo na kuurudisha mfuko sokoni ni hadaa ile ile aliyoikemea Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa. Mwenyewe alijitetea kuwa ni mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akabainisha kuwa mdanganyifu hayumo katika mwenendo wake.

Hali kadhalika nyaya, swichi na soketi za umeme zisizo na ubora ziepukwe hata kama zina faida mara mbili. Waya wenye shaba pungufu hupata moto, na moto hauchagui nyumba ya nani. Tusisahau pia Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, pale jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilipoporomoka na kuua watu 36. Hatusemi kuwa msiba ule ulitoka dukani. Majengo huanguka kwa sababu nyingi, zikiwamo usanifu, usimamizi na vifaa. Tunachosema ni kuwa kila mmoja katika mnyororo huo ataulizwa kwa sehemu yake.

Fundi, mteja na cha juu

Mtihani mkubwa kuliko yote katika duka hili huja kwa mlango wa fundi. Fundi humleta mteja, au huja na fedha za mteja, kisha huinama kaunta na kunong’ona: mfuko wa saruji uandikwe bei ya juu kidogo, ile nyongeza iwe yake. Akikataliwa hutishia kuwapeleka wateja wake wote duka la pili.

Mwenye nyumba huenda ni mjane anayejenga kwa pango la chumba kimoja, mwalimu mstaafu, au kijana aliyeko Muscat anayetuma fedha kwa simu na kuamini risiti. Fundi hapa ni wakili wake, na wakili ni mtu wa amana. Punguzo lolote analopata kwa fedha za mteja ni la mteja. Mwenye duka anayeandika risiti ya uongo si mtazamaji. Ameshiriki khiyana kwa kalamu yake.

Je, duka lisiloandika cha juu litaishi? Naam, litaishi, ingawa mwanzo ni mgumu. Bei zibandikwe ukutani zionekane na kila mtu. Risiti itaje aina, kipimo na bei ya kila kitu. Fundi anayestahili shukrani kwa kuleta wateja apewe kutoka katika faida ya duka, waziwazi, kwa kiasi ambacho mwenye nyumba anakijua na kukiridhia. Mtaa una masikio. Wenye nyumba huulizana walikonunua. Baada ya muda mteja huja mwenyewe, bila fundi.

Tuongeze hapa suala la kuficha bidhaa. Mwishoni mwa mwaka 2020 bei ya saruji ilipanda ghafla sehemu mbalimbali za nchi. Katika nyakati kama hizo kuifungia bidhaa stoo ili watu wahangaike na bei ipae zaidi ni ihtikari, nayo imekatazwa. Faida ni halali, lakini kuwakaba watu si faida.

Daftari la madeni

Hakuna duka la mtaani lisilokopesha. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni ya muda na kuweka mashahidi. Basi daftari liwe na tarehe, bidhaa, kiasi, siku ya kulipa na sahihi ya mdaiwa mwenyewe, siyo ya fundi wake. Aya mbili kabla yake inamtaka mdai amsubiri mdaiwa aliye katika dhiki hadi apate nafuu. Kwa upande wa pili, mwenye uwezo anayemzungusha mwenye duka anafanya dhulma, hata kama ni jirani wa safu moja msikitini.

Mwaka wa Hijria ukitimia, yahesabiwe yote ya kuuzwa kwa bei ya soko ya siku hiyo, pamoja na fedha taslimu. Rafu, mizani na toroli la dukani havihesabiwi, kwa kuwa si vya kuuza. Bidhaa za shilingi milioni 54 na fedha taslimu milioni 6, ikiwa zimefikia kiwango cha thamani ya gramu 85 za dhahabu, zaka yake ni asilimia mbili na nusu, yaani shilingi milioni moja na nusu. Kuhusu madeni anayodai na anayodaiwa, wanazuoni wana maelezo tofauti. Amuulize sheikh wake kabla ya kukadiria.

Ndugu zangu katika imani, leo ni Ijumaa. Suratul Jumua imetutaka tuache biashara unaponadiwa wito wa Sala, na Sala ikimalizika tutawanyike kutafuta fadhila za Mola tukiwa wenye kumkumbuka. Mwenye duka aliyefunga mlango saa sita na nusu na kuufungua tena baada ya Sala, kisha akapima nondo kwa haki wakati hakuna anayemtazama, ametekeleza mambo yote mawili. Tumuombe Allah (S.W.) azibariki biashara zetu na atukinge na chumo la haramu.

Wabillahi tawfiq.